Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo: Mtu Aliyebaki Jina la Wodi



Ukurasa huu wa kitabu chetu cha mwaka huwa tunautenga kwa ajili ya mtu mmoja wa zamani aliyeifanyia Bagamoyo jambo. Safari hii kuna sababu ya ziada. Chama kimeazimia kuanza kutoa tuzo kwa wananchi waliotoa mchango mkubwa kwa jamii, kama wanavyofanya wenzetu wa wilaya na mikoa mingine, na katika vikao vyote vya maandalizi swali limekuwa lile lile: mtu tumpime kwa kipimo gani? Wapo waliosema tuangalie kiasi cha fedha. Wapo waliosema tuangalie miaka ya utumishi. Tumeona heri, kabla ya kupiga kura, tumsimulie mtu mmoja ambaye jina lake hutajwa kila siku jijini Dar es Salaam na maelfu ya watu wasiojua alikuwa nani.

Ukienda Hospitali ya Taifa Muhimbili kumjulia hali mgonjwa, unaweza kuelekezwa Mwaisela, Kibasila au Sewahaji. Hayo ni majengo ya wodi. Muulize mtu pale kwenye ngazi, amebeba chupa yake ya uji, Sewahaji ni nini. Atakwambia ni wodi. Ukimbana zaidi atadhani ni jina la mtaa, au la daktari mmoja wa enzi za Mwingereza. Kumbe ni jina la mtu, tena mtu wetu, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897 kabla hajafikisha miaka hamsini.

Sewa Haji Paroo alizaliwa Zanzibar mwaka 1851. Wazee wake walikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia waliotoka Kutch, kule magharibi mwa India, wakavuka bahari na jahazi kama walivyovuka wengi wa wakati ule. Familia ilikuwa na duka Zanzibar, na katika miaka ya 1860 ikafungua tawi ng'ambo ya pili, Bagamoyo. Hapo ndipo kijana Sewa alipopata kazi yake ya maisha.

Lazima tukumbuke Bagamoyo ya siku hizo ilikuwa nini, maana wajukuu zetu wanaijua kwa magofu ya Kaole, kwa mnara wa misheni na kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Mji ule ulikuwa mlango. Njia ya misafara ilianzia pwani ikapanda Ugogo hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Zilishuka pembe za ndovu. Zilipanda nguo za merikani na kaniki, shanga za kila rangi, na masango, yaani nyaya za shaba ambazo bara zilikuwa fedha. Kila mzigo ulibebwa kichwani au begani na mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, uzito wake kama kilo 30. Msimu ukifika, watu walijaa Bagamoyo kwa maelfu, wakilala vibandani na chini ya miembe wakingoja kukodiwa.

Mtu aliyetaka kuingia bara hakuweza kuamka asubuhi akaenda. Alihitaji wapagazi, kirangozi wa kuongoza msafara, askari, posho, na hasa alihitaji kujua ni shanga gani inayopokelewa Ugogo na ipi itakataliwa Unyamwezi. Ukibeba shanga nyekundu kwa watu wanaotaka nyeupe, umebeba mawe. Maarifa hayo ndiyo aliyoyauza Sewa Haji pamoja na bidhaa zenyewe. Aliwapa mali wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili kwa mkopo, akawapatia watu wa kubeba, wakirudi akanunua pembe zao. Wamisionari walipokuja, aliwafungia mizigo. Wavumbuzi walipokuja, aliwafungia pia.

Mmoja wa wateja wake wa mwanzo alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti kutoka Marekani aliyefika Bagamoyo mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone. Sewa alikuwa na umri wa kama miaka 20. Alipewa kazi ya kumpatia wapagazi. Stanley alitoka hapo na hasira ambayo aliimwaga baadaye katika kitabu chake: alimweleza kijana yule kuwa mjanja kupita umri wake, na kwamba hesabu za nguo zilizotengwa kuwalipa wapagazi hazikukaa sawa. Maneno hayo yamezunguka dunia nzima. Sisi tunayasoma kwa tahadhari, kwa kuwa Stanley alimlalamikia karibu kila mtu aliyekutana naye barabarani. Lakini hatuyafuti. Kijana alikuwa anajifunza biashara katika mji ambao mgeni asiyejua bei alilipa ada ya kutojua. Na wapagazi walipatikana. Msafara uliondoka kwa mafungu, na kabla ya mwaka kuisha Stanley alikuwa Ujiji.

Hapa pana jambo ambalo wajumbe wawili wa kamati walitaka tulipite kimya, na wengine tukakataa. Njia iliyomtajirisha Sewa Haji haikuwa njia safi. Pembe za ndovu zilipatikana kwa bunduki na baruti, na bidhaa hizo zilikuwa miongoni mwa mali zilizopita katika mikono ya wafanyabiashara wakubwa wa Bagamoyo. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, hata baada ya mkataba wa mwaka 1873 kati ya Sultani Barghash na Waingereza kuifunga biashara hiyo baharini. Wapagazi wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa malipo na waliojua kudai haki yao, lakini wengi walifia njiani kwa ndui na njaa, na hakuna jengo linaloitwa kwa majina yao. Mwenye kumsifu Sewa Haji bila kusema haya anamsifu mtu mwingine.

Mambo yakabadilika ghafla. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipojaribu kuchukua forodha na utawala wa pwani, watu wakaasi, kutoka Pangani kushuka. Abushiri bin Salim aliongoza mapigano hadi Bagamoyo, mji ukapigwa mizinga na sehemu yake ikaungua, na maelfu ya watu wakakimbilia kwenye uwanja wa misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwapo tangu 1868. Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Serikali ya Kijerumani ikakaa, ikaifanya Bagamoyo makao yake makuu kwa muda mfupi, kisha mwaka 1891 ikahamia Dar es Salaam, ambako bandari ina kina.

Kwa mfanyabiashara, huo ulikuwa wakati wa kufunga mizigo na kuondoka, au wa kujipendekeza. Sewa Haji hakuondoka. Alifanya biashara na watawala wapya kama alivyofanya na wale wa kabla yao. Wajerumani nao walihitaji wapagazi, na yeye ndiye aliyejua kuwapata. Alikuwa na majumba na viwanja Bagamoyo na Dar es Salaam. Kwa makadirio ya watu wa wakati wake alikuwa katika matajiri wakubwa kabisa wa pwani hii.

Na ni katika miaka hii michache ya mwisho, akiwa bado mtu wa makamo, ndipo alipoanza kutoa.

Aliwasaidia Mapadri wa Roho Mtakatifu kuwa na hospitali Bagamoyo. Tafadhali lizingatie hilo: Khoja Mwislamu, fedha zake zinawekwa mikononi mwa mapadri Wakatoliki, ili watibiwe watu ambao wengi wao hawakuwa wa dini yake wala ya mapadri. Hakuna aliyemlazimisha. Jumuiya yake ilikuwa na desturi nzuri ya kusaidiana yenyewe kwa yenyewe, na angeweza kuishia hapo, akasifiwa, akalala usingizi. Misheni ilikuwa na watu wa kuuguza wagonjwa, yeye alikuwa na fedha. Akaviunganisha viwili hivyo.

Kisha ikaja shule. Mwaka 1896 aliikabidhi serikali ya Kijerumani jengo la ghorofa la shule hapa Bagamoyo, na akaweka sharti. Shule ipokee watoto wa watu wote, bila kuangalia rangi, kabila wala dini. Leo sharti kama hilo linaonekana la kawaida. Wakati ule halikuwa hivyo. Shule za misheni zilikuwa za kuwafundisha watoto na kuwaingiza katika dini, kwa hiyo wazazi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao. Wahindi walikuwa na mambo yao. Waarabu walikuwa na vyuo vyao vya Kurani. Wazungu hawakuwaza kabisa kukaa benchi moja na mtu mwingine. Sewa Haji, aliyekaa maisha yake yote katika duka ambalo kwa siku moja lingeweza kuingiwa na Mnyamwezi, Mshihiri, Mgoa, Mzaramo na Mfaransa, alitaka shule iwe kama duka lake. Mlango mmoja.

Sisi katika kamati tumelirudia sharti hili mara nyingi. Kwa maoni yetu ndilo jambo kubwa alilolifanya, kubwa kuliko tofali zenyewe. Matajiri wengi wamejenga. Si wengi walioshika kalamu wakati wa kukabidhi na kuandika nani asizuiwe kuingia, hasa wanapokabidhi kwa serikali iliyokuja kwa mizinga, na ambayo ingeweza kulichukua jengo bila masharti.

Kwa Dar es Salaam alifanya kubwa zaidi. Mwaka 1893 alitoa fedha za kujengea hospitali, na ikafunguliwa mwaka 1897. Mwaka huo huo serikali ilifungua hospitali nyingine ufukweni, ile tunayoiita Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu. Basi mji ukawa na hospitali mbili: moja ya wachache penye upepo wa bahari, nyingine ya Waafrika, Wahindi, Waarabu na kila aliyebaki, ikiitwa Sewa Haji. Watawala waliligawanya kwa rangi jambo ambalo yeye hakuligawanya, lakini hiyo ya Sewa Haji ndiyo iliyobeba mji. Mpagazi aliyechomwa na mwiba mguu ukaoza, kuli wa bandarini aliyeangukiwa na gunia, mama aliyeshindwa kujifungua, wote walipelekwa huko, kwa zaidi ya nusu karne, chini ya Mjerumani na kisha chini ya Mwingereza.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu wa Bagamoyo alipeleka fedha nyingi Dar es Salaam. Malalamiko haya tunayasikia hata leo kwa wanachama wetu wanaojenga Kinondoni kabla ya kukumbuka Dunda. Jibu letu ni kwamba yule alikuwa mfanyabiashara, alijua kusoma njia. Serikali ilikuwa imekwisha kuhama. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilianzia Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mizigo iliyokuwa ikipita vichwani mwa watu kuja Bagamoyo ikapita huko. Wagonjwa walifuata kazi, na hospitali ikawa mahali walipo wagonjwa. Nyumbani hakupasahau.

Hakuiona hospitali hiyo ikifanya kazi kwa muda wa kutosha kujivunia. Alifariki Zanzibar Februari 1897. Hata katika wosia hakuwaacha wagonjwa: sehemu ya mali yake aliielekeza kwenye kazi za huruma, wakiwamo wenye ukoma, watu ambao wakati ule hata ndugu zao waliwakimbia.

Tukizungumzia tuzo, itafaa kumtaja jirani yake mmoja. Zanzibar alikuwapo Tharia Topan, naye Khoja kutoka Kutch, tajiri kuliko Sewa, aliyesimamia forodha za Sultani. Naye alianzisha jengo la hospitali Zanzibar, lile lenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa ambalo watalii hulipiga picha hadi leo, na mjane wake akalimalizia baada ya yeye kufa mwaka 1891. Malkia Victoria alimpa cheo cha Sir. Ni heshima kubwa, na aliistahili. Lakini jiulize ni wangapi leo, nje ya Zanzibar, wanaotamka jina la Sir Tharia Topan mara moja kwa mwaka. Jina la Sewa Haji, ambaye hakuwa Sir, hutamkwa na dereva wa bajaji, na muuguzi wa zamu ya usiku, na mama anayetafuta kitanda cha mwanawe.

Mwaka 1956 hospitali mpya ilifunguliwa na Binti Mfalme Margaret wa Uingereza, ikapewa jina lake, na ile ya zamani ikamaliza kazi. Baada ya uhuru jina la Princess Margaret likaondoka, likaja Muhimbili. Majina ya watawala ndivyo yalivyo, huja na meli na kuondoka na meli. La Sewa Haji likahamishwa pamoja na wagonjwa, likabandikwa kwenye jengo la wodi, na hapo limekaa.

Limekaa jirani na nani? Jengo la pili linaitwa Kibasila. Huyo alikuwa jumbe wa Kizaramo aliyekataa kuwalimisha watu wake pamba ya kulazimishwa, na Wajerumani wakamnyonga wakati wa vita vya Maji Maji. Serikali ile ile iliyopokea shule ya Sewa Haji kwa shukrani ndiyo iliyomtia Kibasila kitanzi. Mmoja alishirikiana na watawala ili apate kujenga; mwingine aliwakataa, akafa. Leo wagonjwa wa majengo yao hutazamana dirishani, na wauguzi huazimana vifaa kutoka jengo hadi jengo. Waliochagua majina hayo, iwe kwa makusudi au kwa bahati, walitupa funzo la uraia ambalo kamati yetu isingeweza kulitunga: mji unahitaji watu wa aina zote mbili, na hauna haja ya kumtupa mmoja ili umheshimu mwingine.

Baada ya kujadili haya, kamati imekubaliana mambo machache kuhusu tuzo zetu. Kiasi cha fedha hakitakuwa kigezo cha kwanza. Mwanachama aliyechimba kisima akakizungushia ukuta kwa ajili ya jamaa zake tutamshukuru, lakini hatutampa tuzo mbele ya yule aliyetoa kidogo kwa wote. Fomu ya mapendekezo ina nafasi ya kueleza nani ananufaika na kazi ya mtu huyo, na kama kuna aliyezuiwa. Tena tumekubaliana kuwa kabila, dini, au kuwa mzaliwa au mhamiaji hakutaulizwa kabisa, kwa kuwa tukiuliza hivyo Sewa Haji mwenyewe, mtoto wa wahamiaji aliyezaliwa Zanzibar, asingepita mlangoni.

Tumekubaliana pia kwamba sehemu ya tuzo itatengwa kwa ajili ya watu wa kazi za mikono: wakunga, wazoa taka, walinzi wa shule, wavuvi wanaookoa watu baharini. Hao ni wapagazi wa siku hizi, na mara hii tungependa majina yao yaandikwe.

Fomu ipo kwenye kurasa za katikati za kitabu hiki. Ijazwe kwa mwandiko unaosomeka na ipelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano mkuu. Michango ya mfuko wa wagonjwa wasio na uwezo ipokelewe na mweka hazina peke yake, na kila anayetoa adai stakabadhi. Atakayependa mchango wake uwe na sharti, aliandike nyuma ya stakabadhi hiyo, naye mweka hazina atalisoma mbele ya mkutano.